Muulize Mkunga: Uchungu ukimkuta nyumbani

SWALI: Wifi yangu ana mimba ya miezi minane, tuko kijijini Chamwino, na korongo likijaa gari halipiti. Uchungu ukianza nyumbani nimpe diklofenaki ya kutuliza maumivu, au achomwe pethidini na mtu wa duka la dawa?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Vyote viwili hapana. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, inaweza kubana mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto aliye tumboni. Pethidini hupita kondo la nyuma. Mtoto huweza kuzaliwa amelegea, asipumue vizuri, na dukani hakuna wa kumpumulisha.

Mpe parasetamoli: vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Usitarajie makubwa.

Mikono yako itamfaa zaidi. Uchungu ukipanda, weka kitako cha kiganja kwenye mfupa ulio juu kidogo ya makalio, ukandamize kwa uzito wa mwili wako mpaka uchungu uachie. Wengi hupapasa tu, ndiyo maana haisaidii. Mwekee pia mgongoni kanga iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa; ijaribu kwanza mkononi mwako. Atembee, au apige magoti akiegemea kiti; asilale chali.

Mitishamba ya kuharakisha uchungu ikataeni kabisa, huweza kupasua mji wa mimba. Maumivu yasiyoachia hata kidogo, au damu ikitoka: safari, hata usiku.

Lakini wifi, kwa nini msubiri korongo? Ulizeni mapema kituo chenye chigonella, yaani nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, ahamie wiki kadhaa kabla.