Kivuli cha njano hakitafutwi kwenye nyeusi

Ndugu, umeeleza kwamba uliwapulizia askari wako wa Imperial Fists (sanamu ndogo za kikosi chenye deraya za njano katika mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000) praima nyeusi, yaani rangi ya kwanza inayoshikiza nyingine, ukapaka njano mara nyingi bila nyeusi ile kufunikwa sawasawa, na kwamba ulipotia rangi ya kivuli nyeusi kwenye mianya ya deraya, njano yote iligeuka kijani kichafu. Umeuliza pia kama inakubidi uwaoshe, yaani kuwaondolea rangi yote, na kuanza upya. Nimepaka deraya za njano kwa miaka mingi, na naipenda rangi hii kuliko zote katika Warhammer 40,000, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na namna njano yenyewe ilivyo. Njano kali zinazouzwa kwenye vichupa vya akriliki hutengenezwa zaidi kwa pigmenti (chembe zinazotia rangi) za kikaboni ambazo mwanga hupenya kwa urahisi, tofauti na njano ya udongo, yaani oksidi ya chuma, ambayo hufunika vizuri lakini haing'ai. Njano za kadimiamu hufunika na kung'aa kwa pamoja, ila zina sumu na hazifai kwa mtu anayepulizia rangi chumbani. Kwa sababu hiyo, rangi iliyolala chini ya njano huonekana daima, na ni heri uichague mwenyewe kuliko kupigana nayo. Juu ya nyeusi, njano hufifia na kuonekana kama zeituni. Juu ya nyeupe hung'aa, ingawa kwa macho yangu hubaki baridi kidogo. Mimi hupendelea praima ya waridi iliyopauka, kwa sababu wekundu wake hupenya juu na kuipa njano joto ambalo huwezi kulipata baadaye kwa kuongeza rangi juu yake.

Juu ya praima hiyo hupaka Averland Sunset, njano ya haradali ambayo ni miongoni mwa rangi za msingi za Citadel, chapa ya rangi ya watengenezaji wa Warhammer. Iyeyushe kwa maji mpaka iteleze kwenye brashi, paka matabaka mawili au matatu membamba, na uache kila moja likauke kabisa kabla ya jingine. Ukirudi na brashi kwenye tabaka lililoanza kushika, utalichuna, na njano huonyesha michuno hiyo kuliko rangi nyingine yoyote ninayoijua.

Sasa kivuli, ambacho ndicho kiini cha swali lako. Njano ndiyo rangi angavu kuliko zote za upinde wa mvua, na inapopunguziwa mwanga bila kubadilishwa mwelekeo, jicho halioni njano iliyo gizani, bali linaona zeituni. Nyeusi huzidisha tatizo hilo, kwa kuwa masizi yanayotumika kuitengeneza huelekea bluu yanapochanganywa kwa wembamba, na bluu pamoja na njano sote tunajua huzaa nini. Njia sahihi ni kukishusha kivuli kuelekea upande wa moto, kwanza machungwa, kisha hudhurungi nyekundu, na mwisho kahawia iliyokoza. Ukifuata ngazi hiyo, giza litaongezeka na deraya itaendelea kusomeka kuwa ya njano.

Kwa vitendo, mimi huchukua Fuegan Orange, rangi ya kivuli ya machungwa, nikaizimua kwa Lahmian Medium, kimiminika kisicho na rangi, na kuitia kwenye mianya tu kwa brashi yenye ncha kali: chini ya bamba la bega, nyuma ya goti, kuzunguka mkanda. Siimwagi juu ya askari mzima, kwa maana kwenye bamba pana huacha madoa yenye kingo ambayo itakulazimu kuyapaka upya. Ikishakauka, naongeza Reikland Fleshshade, kivuli cha hudhurungi nyekundu, mahali penye kina zaidi, na mwisho, kwenye mistari inayotenganisha bamba na bamba, natia Rhinox Hide, kahawia iliyokoza, iliyoyeyushwa vizuri. Mstari huo mwembamba wa kahawia hufanya kazi ambayo wengi huitarajia kwa nyeusi, na kwa askari wa njano naona unafanya vizuri zaidi. Wapo wanaotumia zambarau kwa kuwa ndiyo rangi inayokabiliana na njano kwenye duara la rangi. Matokeo yake ni mazuri mno kwenye mikono iliyozoea, lakini kipimo kikizidi kidogo tu deraya huonekana kama imechubuka.

Kisha rudisha mwanga. Paka Yriel Yellow, njano angavu, kwenye nyuso zinazotazama juu, na Dorn Yellow, njano iliyopauka, kwenye kingo pekee. Nyeupe tupu usiitumie, kwani hufanya njano ionekane kama chaki. Ukitaka kupandisha zaidi, changanya njano yako na rangi ya pembe za ndovu. Fanya hatua hii chini ya taa nyeupe inayokaribia mwanga wa mchana, maana chini ya taa yenye umanjano hutaona tofauti kati ya tabaka na tabaka.

Kuhusu askari wako waliokwisha pata praima nyeusi, usiwaoshe, isipokuwa kama rangi imekuwa nene kiasi cha kuziba michongo. Wapake Mournfang Brown deraya nzima, matabaka mawili, kisha Averland Sunset juu ya mabamba huku ukiiacha kahawia ionekane kwenye mianya yote. Utahitaji tabaka moja zaidi la njano kuliko mtu aliyeanza na waridi, na njano yako itatulia kidogo, jambo linalowafaa askari waliotoka vitani. Lakini kivuli utakuwa umekwisha kukipata kabla hujafungua kichupa cha Fuegan Orange.