Baridi ya Njombe kwa wanandoa wapya: pasheni kitanda joto, chumba kiacheni

Mleta uzi anasema wamefunga ndoa juzijuzi na mwezi wa sita wanahama Dar kwenda Njombe. Nyumba waliyopanga ina sakafu ya saruji na mabati yasiyo na dari. Ameuliza mambo mawili: walaleje bila kuganda, na wafanyeje ili baridi isije ikawageuza kila mmoja kujikunja upande wake na blanketi lake. Jibu la yote mawili ni moja, kwa hiyo nayachanganya.

Kwanza mjue mnakokwenda. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa nyuzi 6 na ushei kila mnapopanda mita 1,000. Hapo tayari mmeshapoteza zaidi ya nyuzi 12 ukilinganisha na Dar. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huja na anga safi usiku, hakuna wingu la kuifunika ardhi, na joto lote la mchana hupotelea juu. Alfajiri nyuzi hushuka chini ya 10, na mabondeni, hasa ukielekea Makete na Kitulo, asubuhi mtakuta sakitu (barafu nyepesi) nyeupe juu ya majani. Mchana jua huwaka vizuri tu. Tatizo lenu litakuwa kati ya saa moja jioni na saa mbili asubuhi, na mipango yote ielekee huko.

Kabla ya jambo lolote la mahaba, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hili nalisema kwa uzito wote, maana kila kipupwe watu huzikwa kwa sababu yake, na wakati mwingine ni mume na mke pamoja. Wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo husubiri nje mpaka makaa yawe mekundu ndipo waliingize ndani. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo. Damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hivyo hata kiasi kidogo kikikaa chumbani saa kadhaa kinatosha kuua. Aliye macho ataumwa kichwa, atapata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itamlegea. Aliyelala hapati onyo lolote, anazama tu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakumhakikishii mtu chochote, kwa sababu upepo unaweza kutulia au ukaisukuma hewa hiyo ndani badala ya kuitoa. Na mama akiwa mjamzito, mtoto tumboni anaweza kuumia hata kama mama mwenyewe ataamka mzima. Mkiona dalili hizo mahali popote penye mkaa, jenereta au gari linalounguruma, tokeni nje wote kwanza, kisha muende hospitali hata kama mnajisikia mmepona. Jiko la gesi nalo lisiachwe likiwaka ili kupasha nyumba.

Sasa kitanda. Chumba chenye mabati yasiyo na dari hakipashiki, joto lote hupanda na kutokea juu. Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka saa 3 inakula uniti 6, na nusu saa baada ya kuizima mko palepale. Mpira wa maji ya moto (mfuko wa mpira unaojazwa maji ya moto na kuwekwa kitandani) wa lita moja na nusu hauchukui hata robo ya uniti kuyachemsha maji yake, lakini unapasha mahali mnapolala ninyi. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80 hivi. Wawili chini ya blanketi moja ni wati 150 za bure usiku kucha, mradi zisivuje. Ndiyo maana nasema blanketi liwe moja kubwa, msinunue mawili madogo. Wanandoa wengi hushindwa hapo: kitanda cha futi 5 kwa 6, blanketi nalo futi 5 kwa 6. Wawili wakilala ubavu linainuka katikati, pembeni linapwaya, kila mmoja anavuta kwake, na ikifika saa nane usiku kuna mmoja ana mgongo wazi na hasira. Kwa kitanda hicho tafuteni blanketi au duveti yenye upana usiopungua sentimita 220, ili kila upande ishuke zaidi ya futi moja, na muichomeke chini ya godoro upande wa miguuni.

Mpangilio wake ni huu. Juu ya godoro tandikeni blanketi jembamba la zamani kabla ya shuka, maana baridi ya sakafuni hupanda kupitia godoro, hasa kama ni sponji nyembamba ya inchi 4 au iliyokwisha kubonyea. Godoro la inchi 8 lenye sponji ngumu linasaidia sana. Juu yake shuka la pamba. Kinachowagusa kiwe chepesi chenye manyoya au duveti iliyotuna, kwa sababu kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa katikati. Juu kabisa wekeni blanketi lililofumwa kwa kubana ili hewa ile isitoroke. Msirundike mablanketi manne mazito. Yanaigandamiza duveti, hewa inatoka, mnaishia kubeba mzigo na baridi bado ipo.

Mpira wa maji ya moto una adabu zake. Maji yakishachemka yaache dakika 5 (huko juu huchemka kwa nyuzi 93 hivi, hayafiki 100), jaza theluthi mbili tu, ulaze ubavu mpaka maji yafike mdomoni hewa yote itoke, kisha funga. Ukijaza pomoni au ukiacha hewa ndani, mtu akiugeukia usiku unaweza kupasuka. Uvalishe soksi nene au kipande cha taulo. Uwekeni katikati ya kitanda dakika 20 kabla ya kulala, mkishaingia usukumeni miguuni. Msitumie chupa za plastiki za maji ya kunywa, husinyaa na kuvuja. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asiuguse kabisa, ataungua bila kujua. Mpira wenyewe ukianza kuonyesha nyufa shingoni, utupeni.

Kuhusu mabati yasiyo na dari, mwenye nyumba huenda asikubali mpige misumari, lakini kitanda mnaweza kukijengea dari yake. Watu wa pwani waliokua na vitanda vya samadari wanajua kazi ya zile nguzo nne. Chukueni fremu ya chandarua, juu yake tandazeni shuka zito au vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja, na pande tatu ziteremke hadi chini ya usawa wa godoro. Upande wa nne uacheni wazi ili mpate hewa. Pumzi zenu hubaki ndani ya kile kihema na tofauti mtaihisi usiku wa kwanza. Faida ya pili ni kwamba alfajiri mvuke wa pumzi hugeuka matone kwenye mabati na kudondoka, na dari hii itayadaka. Lianikeni lile shuka kila siku, likibaki na unyevu litaota ukungu.

Sakafu ya saruji: maboksi yaliyokunjuliwa chini, mkeka juu yake, halafu kapeti, angalau pale mnaposhukia kitandani. Kila wiki inueni mkaushe, chini hujaa unyevu. Mlangoni shoneni mfuko wa kitambaa wenye urefu wa sentimita 90, ujazeni mchanga, uegemee ule mwanya wa chini. Mapazia yawe mazito, yapite ukingo wa dirisha kila upande, na yafungwe saa kumi na moja jioni kabla jua halijaondoka. Matundu ya hewa ya juu ukutani msiyazibe. Mablanketi yaanikeni juani kuanzia saa nne asubuhi na muyaingize kabla ya saa kumi. Blanketi lililonyonya jasho la siku tatu halipashi mtu.

Kuoga usiku ndiko wengi wanakokukimbia, na ndiko ninakoona mahaba ya huko yanakoanzia. Ndoo ya lita 20 inahitaji lita 14 za maji ya baridi na lita 6 zilizochemka, yaani majagi matatu na nusu ya lita 1.7, na inatoka karibu nyuzi 37, joto la mwili. Tangulizeni maji ya baridi, la sivyo plastiki italegea na mvuke utawachoma mkono. Gawaneni kazi: mmoja anachemsha na kuchanganya, mwingine anatandika na kuweka mpira kitandani. Wawili wakiingia bafuni pamoja, mmoja akimmwagia mwenzake kwa kopo, ndoo hiyo inatosha. Mkitoka jifuteni mkauke kabisa hadi katikati ya vidole, na mpakane mafuta ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado laini. Hewa ya kipupwe ni kavu, midomo hupasuka na visigino huota magaga. Mafuta ya mgando kwenye visigino, kisha soksi safi za sufu. Soksi za kutwa zina jasho, hupoza miguu.

Mliozoea kusingana kwa mafuta ya nazi mjue huko yatakuwa yameganda kama samli, kwa sababu huanza kuganda chini ya nyuzi 24. Wekeni kichupa ndani ya bakuli la maji ya moto dakika 5, au tumieni ya ufuta ambayo hayagandi. Mikono ipasheni kwanza kwenye kikombe cha chai. Mkono wa baridi mgongoni kwa mwenzako humkaza misuli yote, na hapo kazi ya kumlainisha imeharibika. Mkande akiwa chini ya blanketi, ukifunua sehemu moja tu kwa wakati: mabega, rudisha blanketi, kisha kiuno, kisha nyayo. Nyayo zipewe muda mrefu kuliko vyote, dakika 10 si nyingi. Miguu ikipata moto, mwili mzima hufunguka na usingizi huja wenyewe.

Kulala na sweta nene na suruali mbili naona ni kosa kwa watu wawili. Nguo nzito huzuia joto la mmoja lisimfikie mwingine, mnakuwa kama magunia mawili yaliyolazwa pamoja. Nguo nyepesi ya pamba, soksi, na kofia kwa mwenye nywele fupi, halafu msogeleane.

Chai ya usiku iwe ya tangawizi. Kwa vikombe vitatu, pondeni kipande cha ukubwa wa kidole gumba na punje nne za iliki, chemsheni kwenye maji matupu dakika 10, ndipo muongeze maziwa. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijachemka huyakata, na watu hulaumu maziwa. Badala ya majani ya chai wekeni mchaichai ili msikeshe. Imiminwe kwenye chupa ya chai na inywewe saa mbili, si saa nne. Baridi yenyewe huongeza mkojo, na kama choo kiko nje, safari ya saa tisa usiku huwapoza wote wawili kwa sababu anayerudi huleta baridi kitandani. Pombe, ulanzi ukiwamo, hudanganya. Damu hukimbilia kwenye ngozi mkahisi joto, kumbe ndilo linatoka mwilini. Makande ni chakula cha msimu, lakini lowekeni maharage na mahindi tangu jana yake, maana maji yanayochemka kwa nyuzi 93 huyachelewesha kuiva.

Udi na ubani leteni, ila chetezo kina mkaa, na sheria ni ileile. Fukizeni saa kumi na mbili jioni madirisha yakiwa wazi, mashuka yametundikwa, kisha chetezo kitoke nje ndipo mfunge. Harufu hulala kwenye baridi na huamka kwenye joto, kwa hiyo tone la marashi kwenye soksi ya ule mpira wa maji hunukia kuliko matone matano ukutani. Mshumaa ukae ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na chandarua na pazia, na uzimwe kabla ya wote kujilaza.

Mwisho, wenyeji wa huko wana jambo moja ambalo mtu wa Dar hulidharau: kuota moto. Kama nyumba ina jiko la kuni la nje lenye dohani au upenyo mzuri wa moshi, jioni kaeni pale pamoja saa nzima, simu zikiwa ndani. Fukieni viazi mviringo kwenye majivu ya moto, vya ukubwa wa yai la kuku vinaiva kwa dakika 40 hivi. Mgongo hupoa wakati uso unaungua, kwa hiyo mbadilishane: mmoja ageuke, mwenzake amfunike mgongo kwa kitenge. Mkiona moto unafifia ingieni moja kwa moja kitandani mkiwa bado na joto, kabla miguu haijagusa saruji.