Mvinyo Mtamu Niliokunywa Kwenye Ndege Nitaupata Wapi?

SWALI: Mwanangu, habari za kazi? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Raskazone, Tanga. Mwezi wa nne nilikuwa narudi kutoka kwa binti yangu Brussels. Ndege ya usiku ya kuja Kilimanjaro ilijaa, wakanihamishia kule mbele kwenye viti vya kulala. Baada ya chakula mhudumu alileta jibini yenye madoa ya buluu na kijiglasi cha mvinyo mtamu. Sijapata kunywa kitu kama kile. Rangi yake dhahabu iliyokolea, harufu ya asali na ganda la chungwa, na ndani yake nikasikia zafarani. Hapo sikosei, biriani napika mwenyewe. Utamu ulikuwa mwingi lakini haukunikinaisha, na kooni ulipita na joto kidogo. Chupa ilikuwa ndogo, ya kioo cheupe, mabega yamepanda, lebo ya rangi ya krimu yenye picha ya jengo. Jina sikulishika. Desemba mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa, nataka tunywe ule ule. Ni mvinyo gani, nitaupata wapi, na je, hapa Tanga utakuwa na ladha ile ile?
— Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo mama, na hongereni sana wewe na mzee.

Wengi huniuliza swali kama lako wakiwa na neno moja tu, "ulikuwa mtamu", nami hapo nakosa pa kushika. Wewe umetaja zafarani, na hiyo peke yake imeshafukuza robo tatu ya mivinyo mitamu ya dunia. Tutafute aina kwanza. Jina la chupa litafuata, na hata likigoma kupatikana, ukiwa na aina iliyo sahihi mezani hamtakuwa mmepungukiwa.

Port ya Ureno tunaiondoa mara moja. Ile huchachushwa nusu njia, kisha humwagiwa pombe kali ya zabibu ili uchachushaji usimame na sukari ibaki. Ndiyo maana kilevi chake hufika asilimia 20 hivi. Wewe ungesema koo liliungua, usingesema joto kidogo, na rangi ungeiita nyekundu au kahawia. Moscato d'Asti ya Italia ina mapovu, na kilevi chake ni kama asilimia 5 tu. Icewine ya Kanada hutokana na zabibu zilizoganda zikiwa bado kwenye mzabibu. Ni tamu na chachu kwa pamoja, lakini harufu yake ni ya tunda safi. Kote huko zafarani hamna.

Zafarani, asali na ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari ni alama za kuvu. Usishtuke. Kuna kuvu inayoitwa Botrytis cinerea ambayo kwa mkulima wa kawaida ni balaa, ila hali ya hewa ikikubali hugeuka kuwa neema. Kusini mwa mji wa Bordeaux, Ufaransa, mto mdogo wa Ciron wenye maji baridi unaingia kwenye mto mkubwa wa Garonne wenye maji ya vuguvugu. Majira ya vuli ukungu hufunika mashamba asubuhi, kuvu ikaota juu ya zabibu. Mchana jua hutoka likakausha, zabibu zisioze moja kwa moja. Kuvu hutoboa ganda, maji yanapotea, sukari na uchachu vinabaki vimekolea ndani ya tunda lililosinyaa kama tende. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa kwa wiki nyingi, kila safari wakichuma zile tu zilizofikia hatua. Chupa za namna hii zina bei ya kukuumiza mkono, na sababu ni hiyo: shamba kubwa, mvinyo kidogo. Katika shamba la Château d'Yquem, lililo maarufu kuliko yote ya eneo hilo, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu. Mwaka 2012 mavuno hayakuwaridhisha, wakaamua kutotoa chupa hata moja ya mwaka huo.

Mvinyo huo unaitwa Sauternes, nami nakupa tisa kwa kumi kwamba ndio uliokunywa. Mpinzani wake pekee wa maana ni Tokaji Aszú ya Hungaria, nayo ni kazi ya kuvu ile ile. Lakini Tokaji Aszú huja katika chupa ya mililita 500 yenye shingo ndefu, na uchachu wake hukushika pembeni ya ulimi kama ukwaju. Sauternes ni nzito na laini zaidi, kilevi asilimia 13 hadi 14, hilo ndilo joto ulilolisikia kooni. Chupa ndogo ya kioo cheupe yenye mabega yaliyopanda ni nusu chupa ya Bordeaux, mililita 375. Isitoshe, Sauternes na jibini ya buluu ni ndoa ya zamani kuliko yenu, na mashirika ya ndege yanaipenda kwa kuwa haihitaji kupashwa moto. Picha ya jengo, mama, haitusaidii kitu. Bordeaux kila mwenye shamba anaweka nyumba yake kwenye lebo.

Sasa jina. Mtu wa kulijibu ni shirika lenyewe, ila ombi lako likikosewa kidogo utajibiwa lisilo lako. Orodha ya mvinyo hubadilika kila baada ya miezi michache, hutofautiana kwa njia na kwa daraja, na mara nyingine chupa za aina mbili hupishana ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mwambie binti yako atafute ile barua pepe ya tiketi, achukue namba ya ndege na tarehe, awaandikie huduma kwa wateja. Hapa kuna mtego: tiketi yako inasema daraja la kawaida. Usipoeleza wazi kwamba ulihamishiwa mbele, watakutumia orodha ya nyuma, ambayo kwa kawaida haina mvinyo wa baada ya mlo kabisa. Kama kipande cha pasi ya kupandia ndege bado kimo kwenye pochi au ndani ya kitabu, kinaonyesha namba ya kiti ulichokalia. Kipigwe picha kiambatanishwe. Waulizwe mambo matatu: jina la shamba, jina la eneo kama lilivyoandikwa kwenye lebo, na mwaka wa mavuno.

Wakati mnasubiri, aingie kwenye tovuti ya shirika au programu yao ya simu. Mengi huweka menyu na orodha ya vinywaji ukichagua safari. Pia kuna jarida la Uingereza, Business Traveller, linaloendesha shindano la mvinyo wa kwenye ndege liitwalo Cellars in the Sky, lenye kundi la mivinyo mitamu. Si kila shirika hushiriki, lakini kuchungulia hakugharimu kitu. Na wapo wasafiri, Mungu awabariki, wanaopiga picha kila kadi ya menyu wanayopewa na kuibandika mtandaoni. Tafuta jina la shirika, njia, mwezi na neno Sauternes, kisha uangalie picha hadi uione lebo yako. Jicho litaitambua hata kama jina hulikumbuki.

Ukipewa jina ukalikuta ni la shamba kubwa, kama Rieussec, Suduiraut, Guiraud au Coutet, jua umekunywa daraja la kwanza la orodha ya mwaka 1855, iliyopanga mashamba ya Bordeaux kwa ubora, ambayo Wafaransa wanaiheshimu mpaka leo. Usikate tamaa kwa bei. Baadhi yao hutoa mvinyo wa pili, wa shamba lile lile kwa gharama nafuu: Rieussec wana Carmes de Rieussec, Suduiraut wana Castelnau de Suduiraut. Ukiona lebo imeandikwa Barsac usiseme umepotea. Ni moja ya vijiji vitano vya eneo hilo, na kinaruhusiwa kutumia jina lake au la Sauternes.

Kuupata Tanga mjini usijisumbue kuzunguka. Mvinyo mtamu utakaokutana nao dukani ni ule mwekundu wa Dodoma, ambao siusemi vibaya, una wapenzi wake na mimi mmoja wao, lakini ni kitu kingine. Dar es Salaam, maduka ya mvinyo ya Masaki na Oysterbay huweza kuwa nao au kuagiza. Piga simu kabla hujapanda basi, na ukinunua kagua stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye chupa. Sisi tunaonunulia hoteli huku Bagamoyo tunawaagiza waingizaji, ila wao hupenda kuuza katoni nzima.

Njia yako iliyo rahisi ni binti. Ubelgiji Sauternes ziko kwenye rafu za maduka makubwa, zaidi kuelekea Krismasi. Achukue nusu chupa, azifunge kwa nguo katikati ya sanduku la kuingia chini ya ndege, asizibebe mkononi, maana kwenye ukaguzi chochote kinachozidi mililita 100 kinabaki mezani kwao. Akinunulia duka lisilo na ushuru la uwanjani, ule mfuko uliofungwa asiufungue njiani, na risiti ibaki ndani ionekane. Forodha ya Afrika Mashariki humwachia msafiri aliyefikisha miaka 18 lita mbili za mvinyo bila ushuru, kwa hiyo nusu chupa tano zinapita bila maneno.

Kama binti haji kabla ya Desemba, ipo Afrika Kusini. Wao wana mvinyo wa kuvu hiyo hiyo, na lebo husomeka Noble Late Harvest. Lishike hilo neno la kwanza kwa mikono miwili. Late Harvest tupu, bila Noble, ni mvinyo mtamu wa bei ndogo, na muuzaji asiyejua atakwambia ni kitu kimoja. Utafika nyumbani, utamimina, utatafuta zafarani yako mpaka kesho.

Kuhusu ladha, haitakuwa ile ile. Watu huipata chupa iliyo sahihi, wakaonja, wakasema siyo. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa kiasi cha mtu kuwa kwenye mwinuko wa kama mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko Lushoto. Unyevu hushuka chini ya asilimia 20, pua inakauka, na harufu haifiki inakotakiwa. Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifanyia kazi jambo hili kwa ajili ya Lufthansa, watu wakaonjeshwa vyakula ndani ya kipande cha ndege kilichopunguzwa shinikizo la hewa ardhini. Ilionekana ulimi hausikii chumvi na sukari kama kawaida. Maana yake ni kwamba kijiglasi chako kilikuwa kitamu kuliko ulivyokisikia. Raskazone, na unyevu wa bahari ule, pua itafunguka yote: zafarani itaongezeka, na sukari nayo itajitokeza.

Dawa yake ni ubaridi. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa nne, uunywe ukiwa nyuzi 8 hadi 10. Kwa joto la Desemba la Tanga, glasi ikishatoka jasho umebakiwa na dakika chache tu kabla mvinyo haujawa sharubati, kwa hiyo mimina kidogo kidogo, vidole viwili vya glasi, na chupa irudi kwenye barafu. Jibini ya buluu usipoipata, korosho zilizokaangwa zikatiwa chumvi ya kutosha zinafanya kazi ile ile. Keki ya sherehe na kaimati vije baadaye, mvinyo ukiisha. Chakula kikiuzidi mvinyo kwa sukari, mvinyo hugeuka mchachu mdomoni na fedha yako imepotea. Kinachobaki kifunike kwa kizibo chake, kitakaa vizuri kwenye friji karibu wiki moja.

Na kama shirika litajibu kwamba ulikuwa Tokaji, basi ile moja kwa kumi imenishinda, na maelezo ya ubaridi na korosho yanabaki vile vile. Ila mwambie binti ahakikishe lebo ina neno Aszú. Tokaji nyingine, hasa zilizoandikwa Furmint (jina la aina ya zabibu) peke yake, zinaweza kuwa kavu kabisa, hazina hata chembe ya utamu unaoutafuta.