Kabla ya kununua sola ya mifugo, hesabu maji

Mnaoanza kufunga sola ya kusukuma maji kwa wafugaji huwa mnauliza kwanza ni paneli ngapi. Anzeni na ng'ombe. Wa asili, kiangazi, hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku. Wa maziwa anayekamuliwa hufika 80 na zaidi. Mbuzi ni lita 5 hivi. Ukiwa wilaya za Longido au Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, usimuulize mzee ana ng'ombe wangapi, kwani wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe na mgeni. Muulize birika hujazwa mara ngapi kwa siku, atakueleza vizuri.

Tuseme ng'ombe 50 wa lita 40: ni lita 2,000. Kupandisha lita 1,000 kwa mita moja kunahitaji wati-saa 2.7 hivi. Kama kutoka usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tanki ni mita 60, unahitaji wati-saa 330. Pampu, nyaya na mabomba hula zaidi ya nusu, basi shika 800. Kwa saa tano za jua zuri, ni wati 160 tu! Mimi hufunga zaidi ya mara mbili ya hapo, maana vumbi la zizi ni zito, na Juni na Julai ukanda wa Arusha hufunikwa na mawingu. Lakini paneli haziongezi maji ardhini. Kisima kipimwe kwanza kinatoa lita ngapi kwa saa, na maji yenyewe yapimwe chumvi na floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi.

Kwa pampu, msimuuzie mfugaji betri. Hela hiyo iende kwenye tanki la kutosha siku mbili au tatu. Tanki halichoki kama betri, na likivuja kila mtu analiona. Betri ndogo ibaki kwa taa na simu. Taa nazo si anasa: Richard Turere wa Kitengela, Kenya, alikuwa na miaka 11 alipotengeneza taa za kumwekamweka kwa betri ya gari na sola, akafukuza simba waliokuwa wakivamia zizi la kwao.

Paneli zizungushieni uzio. Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo hadi zilale, na mbuzi hupanda popote. Kusini mwa Ikweta zitazame kaskazini, mwinamo usipungue nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Kuzisafisha ni alfajiri, kioo kikiwa baridi. Birika liwe mbali na kisima, upande wa mteremko, tope na kinyesi visirudi kwenye maji.

Kwenye maziwa kanuni ni ileile: hifadhi kazi ya mchana bila betri. Yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, na jioni jua halipo. Friza ya sola itengeneze barafu mchana. Zungushieni chombo cha maziwa ya jioni barafu kwa nje, nusu kilo kwa kila lita.