Kuhama Azure AD Connect ya zamani: breki ya 500 isikupe usingizi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuiapdeti Azure AD Connect (programu ya Microsoft inayopeleka akaunti za watumiaji kutoka AD, ile orodha ya akaunti kwenye seva ya ofisi, kwenda kwenye wingu la Microsoft) toleo la 1 hapo hapo kwenye Windows Server 2012 R2 yenu, na bosi kashakwambia ni kubonyeza neksti tu mpaka mwisho. Haiwezekani. Toleo la 2 linataka Server 2016 kwenda juu, na hilo la 1 Microsoft walishalistaafisha tangu 31 Agosti 2022, siku hizi hata jina lenyewe ni Entra Connect. Kwa hiyo tafuta seva ya pili, na mi nakwambia shukuru iwe hivyo maana seva ya pili ndo iliyoniokoa mimi.

Sisi tupo hapa Tanga mjini, ofisi ya watu kama 400, na aliyefunga ile ya zamani alishahama kitambo hakuacha hata karatasi. Nikasimamisha seva mpya nikaiweka stejingi, yaani inasoma AD, inasoma wingu, inapiga hesabu zote ila haiandiki kokote na paswedi haipeleki. Kosa langu nilijaza setingi kwa mkono huku nachungulia skrini ya zamani, na OU moja (folda ya akaunti ndani ya AD) ya wenzetu wa Pangani na Muheza sikuipiga tiki.

Uvivu tu ndo ulinifanya nisiitoe stejingi siku ile ile. Kesho yake asubuhi nikaendesha csexport halafu CSExportAnalyzer, vile vitulizi vinavyoonyesha seva inataka kuandika nini, nikafungua faili kwenye Excel chapati mkononi, naona mistari 140 yote imeandikwa delete, yaani akaunti za ile OU niliyoisahau zingefutwa kwenye wingu. Chapati ilinikwama kooni.

Sasa hapa ndo sikiliza vizuri, maana watu watakwambia usiogope kuna breki, ikiona inafuta akaunti nyingi inajizuia yenyewe. Ni kweli ipo, ila imewekwa 500, na sisi ofisi nzima tupo 400! Yaani ningefuta kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa getini na breki isishtuke, hiyo namba waliiweka wakiwaza makampuni makubwa sio sisi. Ishushe kwa amri ya PowerShell iitwayo Enable-ADSyncExportDeletionThreshold, mi niliweka 20. Najua akaunti ikifutwa inarudishika ndani ya siku 30, lakini we fikiria watu 140 wanakupigia simu kwa pamoja barua pepe haifunguki.

Raundi ya pili sikujaza kitu kwa mkono. Ukishainstoli mpya utakuta MigrateSettings.ps1 kwenye folda ya Tools, ikopi upeleke seva ya zamani, inakutolea setingi zote kwenye mafaili, unayaleta kwenye mpya. Ila bado kagua rulu za kusinki mlizotengeneza wenyewe, zile zenye namba ya kipaumbele chini ya 100. Mimi nilikuta moja inazuia akaunti za wanafunzi wa field zisiende wingu, hakuna aliyejua kama ipo. Na soss anka, ile alama inayounganisha akaunti ya AD na ya wingu, lazima ifanane na ya zamani, kama ni objectGUID au ms-DS-ConsistencyGuid, hapo usibahatishe. TLS 1.2, yaani ule usimbaji wa mawasiliano na wingu, iwashe mapema, basi.

Siku ya kubadilishana anza kuiweka ya zamani stejingi, NDO uitoe mpya kwenye stejingi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, mbili zikiandika pamoja utajuta. Na usiizime ya zamani kwa kubonyeza swichi ukadhani umemaliza, kwa huu umeme wetu siku ukikatika ukarudi kuna mtu atapita anawasha kila kitu, na ile kama haiko stejingi itaamka na ndani ya nusu saa imeanza kusinki tena kwa setingi zake za zamani. Mimi niliiweka stejingi, nikaiacha wiki mbili, halafu nikaiondoa programu yenyewe kabisa.