Wanafunzi wanacheka, Kiingereza hakiongezeki

SWALI: Salaam mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima hapa Bukavu, masomo ya jioni. Karibu wote wanazungumza Kiswahili na Kifaransa. Kila Ijumaa nawaonyesha Mind Your Language, kile kipindi cha vichekesho cha Uingereza, sehemu nzima, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Wanafurahi, hakuna anayekosa Ijumaa. Lakini wiki inayofuata nikiwauliza, hawakumbuki hata sentensi moja. Je, televisheni haifai kufundishia, au mimi ndiye nakosea? Na nyumbani waangalie nini?

JIBU: Televisheni inafaa sana, mwalimu mwenzangu, na darasa lisilokosa mtu siku ya Ijumaa ni mtaji ambao wengi wetu tunautamani. Tubadilishe tu namna ya kuutumia.

Nianze na maandishi ya Kifaransa, maana hasara kubwa iko hapo. Mtu akiona maandishi ya lugha anayoijua vizuri, atayasoma hata asipokusudia, na macho yakishapata maana masikio hupumzika. Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen waliwaonyesha Waholanzi wanaojua Kiingereza filamu ya Uskoti na vichekesho vya Australia, kazi zenye lafudhi ngumu. Waliotazama kwa maandishi ya Kiingereza waliizoea lafudhi, hata wakaweza kuyasikia maneno mapya vizuri zaidi baadaye. Waliosoma maandishi ya Kiholanzi, walipopewa maneno mapya, walifanya vibaya kuliko waliotazama bila maandishi yoyote. Kwa hiyo weka maandishi ya Kiingereza au uyaondoe kabisa. Kama nakala yako ina Kifaransa kisichofutika, bandika ukanda wa karatasi kwenye sehemu ya chini ya kioo. Watalalamika Ijumaa ya kwanza. Waache walalamike.

Sasa kipindi chenyewe. Mind Your Language, cha miaka ya 1977 hadi 1979, kinahusu darasa la jioni London, kwa hiyo naelewa kwa nini wanafunzi wako wanajiona humo. Ila sikiliza nani anazungumza. Ukimwondoa mwalimu Brown na watu wachache wa pale shuleni, karibu kila mhusika ni mwanafunzi anayekosea, na anakosea ili watazamaji wacheke. Anayeanza lugha hawezi kuchuja Kiingereza sahihi na cha mzaha. Isitoshe, dhihaka zake juu ya Waasia na wageni wengine zimepitwa na wakati. Mimi ningekiweka kando mpaka wafike ngazi ya juu, kisha niwape kazi moja tu: kamateni makosa, myasahihishe.

Kuhusu sehemu nzima: ni ndefu mno kwa somo moja. Stuart Webb na Michael Rodgers, nao mwaka huohuo wa 2009, walichambua maneno ya vipindi vya televisheni wakaona kwamba ili mtu ajue takriban asilimia 95 ya yanayosemwa, anahitaji familia za maneno kama 3,000. Familia hapa ni neno na jamaa zake: teach, teacher na teaching ni familia moja. Mwanafunzi wa jioni mwenye mwaka mmoja darasani bado yuko mbali na hapo. Anachofanya ni kucheka pale hadhira inayosikika kwenye kipindi inapocheka, nawe unadhani ameelewa. Ukitumia Friends, kwa mfano, vichekesho vya Marekani ambavyo vilirekodiwa mbele ya hadhira, simamisha picha kabla kicheko hakijaanza, uulize: atajibu nini? Hapo utajua nani anafuata na nani anasindikiza.

Chagua tukio la dakika mbili, tatu zikizidi sana, ambamo mtu anataka jambo kwa mwenzake: anaomba radhi, anakataa mwaliko, anarudisha kitu dukani. Mara ya kwanza zima sauti, wabahatishe hawa ni akina nani na wanagombea nini. Mara ya pili fungua sauti, bila maandishi. Mara ya tatu weka maandishi ya Kiingereza, na hapo ndipo rimoti inapofanya kazi: simamisha, rudisha, sikilizeni tena. Kisha chukua sentensi moja tu, tuseme What are you going to do? Kitabuni waliisoma kama maneno sita yaliyopangwa foleni. Mwigizaji anaitoa kwa pumzi moja, nusu ya sauti zimemezwa. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tumezoea kuipa kila silabi haki yake, kwa hiyo masikio yetu yanatafuta silabi ambazo Mwingereza hakuzitamka kamwe. Waiseme pamoja na mwigizaji, kwa kasi yake, mpaka ndimi zilegee. Dakika kumi kwenye sentensi moja si kupoteza muda.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina hata mazungumzo. Weka kipande cha Mr. Bean, ambaye haongei karibu chochote, mwite mwanafunzi mbele ageuke msimulizi, kama DJ Afro anavyosimulia filamu kwa Kiswahili kule Kenya, isipokuwa huyu asimulie kwa Kiingereza. Picha haimngoji, kwa hiyo hana nafasi ya kutafsiri kichwani kutoka Kifaransa. Darasa litacheka kama Ijumaa zako zote, lakini safari hii wanaozungumza ni wao.

Kwa nyumbani, wanaoanza watafute extr@, kipindi kilichotengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya wanaojifunza: Hector anatoka Argentina, hajui Kiingereza vizuri, anafikia kwa marafiki London, na wote wanazungumza pole pole. Peppa Pig nayo ina lugha safi na sehemu za dakika tano, ila baba mwenye heshima zake huenda asikubali kuangalia nguruwe wa katuni. Mwambie akae na watoto wake, ataipata bila aibu. Wakishachagua kipindi kimoja wasirukeruke, maana maneno yaleyale hurudi kutoka sehemu hadi sehemu. Nyumbani waangalie sehemu nzima, bila daftari wala mtihani. Darasani uliza tu nani ameona nini, ajibu kwa Kiingereza, kisha endelea na somo.