Kuandika mwongozo wa kifaa, tangu boksi hadi chapa

Ukipewa kazi ya kuandika mwongozo wa matumizi, usianzie kwenye kompyuta. Omba kifaa kikiwa ndani ya boksi lake, ukitoe na ukiunganishe mwenyewe. Tuseme ni seti ya sola ya nyumbani: paneli ya wati 100, betri ya volti 12, kontrola ya chaji (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), fyuzi, nyaya na taa. Andika kila unachoshika, kwa mfuatano uleule. Pale unapositasita weka alama; mteja naye atakwama hapo.

Ndipo umfuate mhandisi na maswali mafupi: kwa nini hiki kabla ya kile? Nikikosea, kinaungua nini? Atakwambia betri huunganishwa na kontrola kwanza, paneli baadaye, kwa sababu kontrola nyingi huisoma betri ili kujua mfumo ni wa volti 12 au 24, na paneli yenyewe juani inaweza kutoa zaidi ya volti 20. Wakati wa kutenganisha nyaya, paneli hutangulia kutoka. Sababu hiyo iingie kwenye mwongozo, sentensi moja tu. Anayeijua hasahau mfuatano.

Sasa andika. Hatua moja, tendo moja. "Ingiza waya mwekundu kwenye tundu la betri, kaza skrubu na uhakikishe taa imewaka" ni matendo matatu, na la mwisho ndilo litakalorukwa. Onyo likae juu ya hatua yake: watu hutenda huku wakisoma, na wakifikia "usigusanishe nyaya" cheche zimesharuka. Kontrola ikiitwa kontrola ukurasa wa 2, isigeuke "kidhibiti" ukurasa wa 5. Na usitegemee rangi pekee. Miongozo hutolewa fotokopi, nyekundu na nyeusi zikafanana. Andika + na − kwenye mchoro.

Kisha jaribu, na hapa usibane muda hata kidogo. Tafuta watu watano wasiokijua kifaa, mmoja mmoja, wakiunganishe kwa kufuata karatasi tu. Mhandisi awepo kwa ajili ya usalama, wewe kaa kimya. Sentensi inayokuwasha kuisema ndiyo iliyokosekana kwenye mwongozo.

Ukisharekebisha, mrudishie mhandisi asome upya, maana sentensi iliyorahisishwa huweza kupoteza ukweli wake. Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya modeli, toleo na tarehe, na uombe kiwanda kikuarifu kila kinapobadilisha hata tundu moja la waya.